Popi mwekundu wa porini sio mmea wa kasumba

Watu wengi wakiona popi mwekundu shambani wanasema ndo ule wa kutengeneza madawa ya kulevya, wengine wanaung'oa kwa hofu, na mi naumia kwa sababu ni ua zuri na halina kosa. Ukweli ni kwamba hizo ni spishi mbili tofauti, wa porini ni Papaver rhoeas, wa kasumba (yaani afyuni) ni Papaver somniferum, na mofini, ile dawa kali ya maumivu, inatoka kwa huo wa pili. Wa porini una kemikali zake nyingine kama rhoeadini, so usiule wala kulisha mifugo, ila kasumba hautoi.

Na usiangalie rangi ya ua maana wa kasumba nao unaweza kuwa mwekundu! Shika shina. La wa porini lina vinywele vimechomoza kwenda nje na majani yake ni ya kijani, yamechanikachanika, wakati wa kasumba majani yana rangi ya kijivu-bluu kama yamepakwa nta na chini yanakumbatia shina, halafu kitumba chake cha mbegu ni kikubwa, cha wa porini ni kidogo tu, hakizidi sana sentimita 2.

Kuupanda rahisi, tifua udongo, mwaga mbegu juu juu usizifukie maana zinataka mwanga, na panda palepale unapoutaka, mzizi wake mrefu haupendi kabisa kuhamishwa.