Bundi akilia juu ya paa

Nimefuatilia bundi kwa miaka kumi na miwili, na swali ninaloulizwa kuliko yote vijijini ni hili: "Mtaalamu, ni kweli akilia juu ya paa mtu anakufa?" Zamani nilijibu haraka kwamba ni ujinga. Nimeacha. Wazee waliosema bundi anachuria walikuwa na macho na masikio kama yangu, na nataka kujua waliona nini.

Bundi wa nyumbani, mwenye uso mweupe wenye umbo la kopa, hutoa ukelele mkali wa kukwaruza. Makinda wake hukoroma usiku kucha wakidai chakula, kama mtu anayehangaika kuvuta pumzi. Sauti hiyo iko darini, chini amelala mgonjwa, taa ni koroboi. Tena manyoya ya mabawa yake yana kingo laini zinazoua mvumo wa hewa, kwa hiyo hakuna amsikiaye akifika. Nani asiogope?

Lakini jiulize ni nani anayemsikia. Aliyelala fofofo hasikii kitu. Anayekesha na mgonjwa saa nane za usiku ndiye anayesikia, ingawa ndege yuleyule amekuwa akilia hapo tangu msimu uliopita. Mgonjwa akifariki, mlio unasimuliwa msibani. Akipona, nani ataukumbuka?

Hata hivyo naona kuna punje ya ukweli, nayo ni panya. Bundi hafuati roho ya mtu, anafuata panya. Panya shamba anaweza kuzaa zaidi ya watoto kumi kwa mkupuo, na mavuno yakiingizwa ndani naye huingia. Panya hao huleta maradhi: tauni iliyozuka Lushoto mwaka 1980 husambazwa na viroboto vyao, na homa ya mgunda, iliyoua watu Ruangwa mwaka 2022, huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Nyumba iliyojaa panya basi ina sababu ya kuwa na wagonjwa, na sababu ya kutembelewa na bundi. Wazee waliona viwili hivyo pamoja. Kosa lilikuwa kumpa lawama aliyekuja kupunguza tatizo.

 

Kinachoniuma ni mawe. Bundi anapigwa, kiota kinachomwa, kisha watu wananunua sumu ya panya, na bundi wa jirani naye anakufa kwa kula panya aliyelishwa sumu.

Mwaka jana baba mmoja aliniita nikamwondolee makinda wanne darini, wiki mbili baada ya kumzika mama yake. Sikubishana naye. Niliokota chini ya paa madonge ya manyoya na mifupa ambayo bundi huyatema, tukayafungua kwenye sinia. Fuvu la panya, jingine, jingine tena. Alihesabu mwenyewe hadi ishirini na tatu, akanyamaza kitambo. Kisha akasema makinda wabaki mpaka waweze kuruka, ila usiku uleule alihamishia kitanda cha watoto chumba cha pili.