Shiraz ya bei nafuu si lazima iwe imetiwa rangi

Wengi wakiona Shiraz ya bei nafuu, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilo, nyeusi tititi, hudhani imetiwa rangi na sukari. Si lazima. Kamua punje moja ya zabibu hiyo: maji yake karibu hayana rangi. Wekundu uko kwenye ganda.

Ndiyo maana zabibu hupondwa zikachachuka pamoja na maganda, siku kadhaa hadi wiki mbili hivi, katika joto la nyuzi 25 hadi 30. Gesi huyainua maganda yakaelea kama kifuniko kinene. Mvinyo huvutwa kutoka chini ya tangi na kumwagwa juu ya kifuniko hicho, tena na tena, hadi rangi na ukakasi viingie kwenye mvinyo. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Sukari ya zabibu huliwa na hamira ikageuka kilevi, na nchini Australia sheria hairuhusu kuongeza sukari ili kukipandisha.

Unafuu hutoka kwingine: mashamba makubwa ya umwagiliaji kama ya Riverland, kule Australia Kusini, mavuno ya mashine, na vipande vya mbao za mwaloni ndani ya tangi badala ya pipa ghali la mbao hizo la lita 225. Vipande hivyo hutoa ladha ya vanila upesi, ila havilainishi ukakasi kama pipa. Kwa mvinyo wa kunywewa mapema, sioni hasara kubwa.