Mwanamume anapotibiwa saratani ya titi: maswali yanayoulizwa kwa sauti ya chini

Wanaume ni takriban asilimia 1 tu ya wagonjwa wote wa saratani ya matiti. Ndiyo maana dawa nyingi zilijaribiwa zaidi kwa wanawake, vijitabu vikaandikiwa wanawake, na kuna fomu za kliniki ambazo mpaka leo zinamuuliza mzee wa miaka 68 mara ya mwisho alipata hedhi lini. Majibu haya yanamlenga aliyekwisha kuanza matibabu au anayekaribia kuanza. Hayachukui nafasi ya daktari wako, ila yatakusaidia kujua umuulize nini.

Mimi ni mwanamume. Titi limetoka wapi mpaka lipate saratani?

Nyuma ya chuchu yako kuna tishu za titi, kidogo tu, na umezaliwa nazo. Kabla ya kubalehe, titi la mvulana na la msichana halitofautiani sana. Homoni za ujana ndizo zinazolikuza la msichana na kuliacha la mvulana lilivyo. Palipo na tishu hizo, saratani inaweza kuota.

Wengi hugundulika wakiwa wamepita miaka 60. Hatari huongezeka ukiwa na ndugu wa damu waliougua, ukirithi hitilafu kwenye jeni iitwayo BRCA2, ukizaliwa na kromosomu X ya ziada (hali ya Klinefelter), ini likiwa limeharibika na kusinyaa, au kifua kikiwa kiliwahi kupigwa mionzi ya matibabu. Wengine hawana hata kimoja kati ya hivyo.

Kama unajiona wa kwanza duniani, hapana. Edward Brooke, aliyekuwa seneta nchini Marekani, aligundulika mwaka 2002, akatibiwa na kusema hadharani ili wanaume wengine wajichunguze. Alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 95. Mwigizaji Richard Roundtree aligundulika mwaka 1993 na akaishi miaka 30 baada ya hapo.

Uvimbe wenyewe ni mdogo. Kwa nini waondoe titi lote na chuchu yake?

Kwa sababu ya nafasi. Kwa mwanamume uvimbe hukaa karibu sana na chuchu, na tishu za kuuzunguka ni chache, hivyo daktari wa upasuaji akitaka kuutoa pamoja na ukingo salama, kinachobaki si kingi. Hata hivyo kutoa uvimbe peke yake na kufuatisha mionzi kunawezekana kwa baadhi ya wanaume. Uliza kabla ya kusaini.

Siku hiyohiyo huwa wanatoa tezi moja au chache za kwapani kuangalia kama saratani imeanza kusafiri. Zikiwa safi, nyingine huachwa, na hilo ni jema kwa mkono wako wa baadaye.

Utatoka na mrija mwembamba unaoingia chini ya ngozi, mwisho wake una kichupa kinachonyonya majimaji. Utafundishwa kukimwaga, kupima kilichotoka na kuandika. Mwanzoni majimaji huwa mekundu, kisha ya waridi, halafu rangi ya majani makavu. Usiuache mrija uning'inie: ubane kwa pini kwenye nguo, kiunoni, la sivyo utakwama kwenye kitasa cha mlango na utajua hujui. Vaa mashati yenye vifungo mbele, maana kuinua mikono kuvaa fulana kutakushinda kwa siku kadhaa. Majimaji yakibadilika kuwa usaha, yakinuka, au ngozi ikiwa nyekundu na moto, rudi hospitali mara moja.

Nilikuwa nabeba vitu vizito. Mkono utarudi?

Kwa wengi, ndiyo, ila taratibu. Mazoezi ya bega huanza mapema kwa maelekezo ya mtaalamu wa viungo. Bega lililoachwa limelala hukakamaa. Uzito unaongezwa kidogo kidogo. Ukiona pete au saa inabana upande uliopasuliwa, au mkono unahisi mzito jioni, usingoje uvimbe uonekane na kila mtu. Uvimbe huo wa majimaji ya limfu ukiwahiwa hudhibitika vizuri zaidi kwa soksi maalumu ya mkono na ukandaji wa kitaalamu. Michubuko midogo upande huo isafishwe na isipuuzwe.

Je, lazima nipate kemo, yaani zile dawa za kuua seli za saratani?

Si lazima. Inategemea ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani, na majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara. Kama utapewa, mambo mawili tu ya kushika. La kwanza: ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, ni dharura, hata usiku wa manane, hata kama unajisikia nafuu baada ya kidonge cha maumivu, kwa sababu chembe nyeupe za damu zinaweza kuwa zimeshuka na mwili hauna walinzi. La pili: kama bado unataka watoto, uliza kuhusu kuhifadhi mbegu za kiume kabla ya dozi ya kwanza. Daktari anaweza asikuulize, hasa akiona una mvi. Sema wewe.

Hizi tembe za homoni ni za kazi gani? Estrojeni si ya wanawake?

Mwanamume naye ana estrojeni. Mwili wake hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, kwenye mafuta ya mwili na kwingineko. Na saratani ya titi kwa wanaume, zaidi ya mara 9 kati ya 10, ina vipokezi (sehemu za seli zinazoipokea homoni) vinavyoitumia estrojeni hiyo ili ikue. Tamoksifeni hukaa kwenye vipokezi hivyo na kuizuia estrojeni isishike. Kawaida ni miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, na wengine huongezewa mpaka 10.

Kuna kundi jingine la dawa, linalozuia mwili kutengeneza estrojeni kutoka kwa testosteroni. Wanawake waliokoma hedhi huzitumia sana. Kwa mwanamume hazifanyi kazi vizuri zikiwa peke yake, kwa sababu korodani zinaendelea kuzalisha homoni, hivyo huambatanishwa na sindano ya kuzituliza korodani. Ukiandikiwa dawa ya kundi hili bila sindano, una haki ya kuuliza kwa nini.

Tangu nianze tamoksifeni sina hamu na mke wangu, na mwili haunisikilizi. Niache?

Hili ndilo swali linaloulizwa mlangoni, mgonjwa akiwa ameshashika kitasa. Mara nyingi haliulizwi kabisa: mtu anaacha vidonge kimyakimya, anaendelea kuhudhuria kliniki, na akiulizwa anajibu "naendelea vizuri, daktari." Kwa maoni yangu, katika matibabu haya yote hakuna hatari kubwa ambayo ingezuilika kirahisi kama hii. Faida ya tamoksifeni inajengwa na miaka ya kuimeza. Nusu ya muda haitoi kinga ya muda wote.

Kupungua kwa hamu na nguvu za kiume ni athari inayojulikana ya dawa hii kwa wanaume. Si uvivu wala si "akili yako tu", ingawa uchovu, hofu na huzuni navyo huongeza uzito. Mwambie daktari kwa maneno yale yale unayoyatumia kichwani. Akishajua, ana mengi ya kufanya: kupima kama tatizo linatokana na sukari, shinikizo la damu au dawa nyingine unazotumia, kubadilisha saa ya kumeza, kukupa dawa ya kusaidia kusimamisha uume kama moyo wako unaruhusu na hutumii dawa za naitreti, zile za maumivu ya kifua yanayotokana na moyo, au kupanga tiba nyingine ya homoni. Ukiacha mwenyewe, hayo yote hayafanyiki, na yeye anaendelea kusoma vipimo vyako akidhani unalindwa.

Onyo moja ambalo haliongezwi chumvi: usijidunge wala kumeza testosteroni, hata ile inayouzwa kama "ya kujenga misuli". Mwili wako utaigeuza sehemu yake kuwa estrojeni, chakula cha saratani ile ile unayoipiga vita. Dawa za "kuongeza nguvu" zisizojulikana zimetengenezwa na nini nazo ziache.

Na haya majoto ya ghafla? Usiku shuka linalowa.

Ni yale yale yanayowapata wanawake wanapokoma hedhi: joto linapanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho linatoka, kisha baridi. Mara nyingi hupungua makali baada ya miezi kadhaa. Nguo nyepesi za tabaka, chumba chenye hewa, na kupunguza pombe husaidia kiasi. Yakizidi, zipo dawa. Hapa kuna mtego: baadhi ya dawa za sonona, kama paroksetini na fluoksetini, huzuia ini kuigeuza tamoksifeni kuwa umbo lake lenye nguvu. Venlafaksini haina tatizo kubwa la namna hiyo. Kwa hiyo kila anayekuandikia dawa, hata kama ni ya usingizi au mawazo, aambiwe unameza tamoksifeni.

Athari ipi nisiichezee?

Damu kuganda. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu na kupata joto, au ukaishiwa pumzi ghafla na kifua kuchoma, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Safarini usikae saa nyingi bila kunyoosha miguu. Ukipangiwa upasuaji wowote, hata wa goti, mwambie daktari mapema, maana huenda akataka usimamishe kidonge kwa muda. Macho yakianza ukungu, yapimwe pia. Dawa hii inaweza kuchangia mtoto wa jicho.

Kliniki nzima ni wanawake, na muuguzi ameita "mama" mara mbili kabla hajaniangalia. Natamani nisirudi.

Inaudhi, na una sababu ya kuudhika. Baadhi ya wanaume huomba faili yao iandikwe wazi kuwa mgonjwa ni mwanamume, waitwe kwa jina kamili, au wapangiwe miadi ya mwanzo kabisa asubuhi. Hayo ni maombi madogo na wauguzi wengi huyatekeleza bila shida. Kwenye benchi, jirani yako huenda amemaliza mwaka wa tatu wa kidonge hicho hicho na anajua kuhusu majoto ya usiku kuliko kitabu chochote.

Jambo la kufurahisha kidogo: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu dawa ya palbosiklibu itumike kwa wanaume wenye saratani ya titi iliyosambaa, ikitegemea zaidi kumbukumbu za wagonjwa wanaume waliokwisha kuitumia. Mwanamume anayekubali kumbukumbu zake zitumike katika utafiti anawajengea njia wanaomfuata.

Wanangu nao?

Kila mwanamume mwenye saratani ya titi anastahili kupewa nafasi ya kupimwa jeni, awe na ndugu wagonjwa au asiwe nao. Ukiwa na hitilafu ya BRCA2, kila mtoto wako, wa kike na wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Watu husahau kwamba jeni hii hupitia kwa baba sawasawa na kwa mama. Kwako mwenyewe inamaanisha tezi dume nayo ifuatiliwe kwa karibu, kwani hatari yake inapanda, na ya kongosho pia. Mathew Knowles, baba wa mwimbaji Beyoncé, alieleza mwaka 2019 kwamba alikutwa na hitilafu hiyo. Waambie watoto wako ambao ni watu wazima kabla hujawaza namna nzuri ya kuwaambia. Binti anaweza kuanza uchunguzi miaka mingi mapema kuliko kawaida.

Naona haya kuvua shati.

Kovu hufifia, bonde linabaki. Wapo wanaochora chuchu kwa tatuu, wapo wanaojaziwa mafuta ya mwili wao, wapo wasiojali. Hakuna haraka.

Nikimaliza, nichunguze nini?

Pitisha vidole kwenye kovu, kwapani, na kwenye titi la pili, mara moja kwa mwezi. Tafuta kinundu, kipele kisichopona, chuchu inayozama au kutoa damu. Maumivu ya mfupa yasiyoondoka, kikohozi cha muda mrefu, kukonda bila sababu au kichwa kinachouma kwa namna mpya, yapeleke kliniki bila kungoja tarehe ya miadi.

Mimi ndiye mke. Mume wangu hasemi lolote, nami naogopa kumuuliza.

Usianzie chumbani. Anzia kwenye kidonge: "Vimebaki vingapi? Twende pamoja kuchukua vingine." Vikiwa vingi kuliko inavyotakiwa, usimkaripie, muulize ni kipi hasa kinachomsumbua. Omba kuingia naye kwa daktari, na mkiwa njiani kubalianeni nani atalisema lile la mlangoni. Wanaume wengi hushusha pumzi mke anapolisema kwanza, na ikiwa kwenu ni afadhali liandikwe, liandikeni kwenye karatasi na kuiweka mezani kwa daktari mwanzoni kabisa, kabla hajaanza kuangalia vipimo.