Saa tatu ya nani? Kuandika notisi na kufundisha kazini hapa Lamu

Kazi yangu ni kuandika maandishi ya ofisini na kuendesha mafunzo, zaidi kwa mahoteli ya Shela na vikundi vya maboti hapa Amu, yaani Lamu, na kilichonifunza zaidi ya kozi yoyote ni notisi moja fupi niliyoiandika mwenyewe. "Mafunzo yataanza 9:00, mfike mapema." Basi. Watu nusu wakaja saa tatu asubuhi, nusu wakaja saa tisa mchana, na kila mmoja alikuwa sawa, kwa sababu simu inaandika 9:00 na ulimi unasema saa tatu, halafu kuna yule akiona tisa anasoma saa tisa kama alivyofunzwa nyumbani. Wale wa asubuhi waliacha abiria gatini kuja kunisikiliza. Pesa zao zilienda. Niliwaomba radhi mmoja mmoja, na tangu siku ile naandika saa kwa maneno, "Jumanne, saa tatu asubuhi", na kama kuna wageni wa Nairobi kwenye grupu naongeza "yaani 9:00 ya simu".

Nimeanza na hili la saa kwa sababu hapo ndipo unaona kuandika vizuri kazini ni kitu gani. Si Kiswahili cha mitihani. Ni mtu akishasoma afanye kile ulichotaka afanye, bila kukupigia simu kuuliza. Mwaka 2023 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango cha lugha nyepesi, namba yake 24495-1, na kimesimama juu ya mambo manne: msomaji apate anachohitaji, akione kwa urahisi, akielewe, na aweze kukitumia. Watu wengi wanaishia kwenye kuelewa. Mimi naushikilia ule wa mwisho, kukitumia, maana notisi inaweza kueleweka vizuri kabisa na bado hakuna mtu aliyeinua mkono kufanya chochote.

Nikupe mfano. Niliwahi kupewa tangazo la usalama wa maboti nilisahihishe, lilikuwa na sentensi hii: "Inatakiwa ihakikishwe kuwa uzingatiaji wa taratibu za usalama wa abiria unafanyika kabla ya kuanza kwa safari." Nikaenda nalo gatini, nikamsomea nahodha mmoja mtu mzima, nikamuuliza, babu, hapa unaambiwa ufanye nini? Akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, hapa naona mwaniambia niwe mtu mzuri." Na ni kweli, ndicho kilichoandikwa. Hakuna laifu jaketi mle, hakuna kuhesabu watu, hakuna mafuta, hakuna hali ya bahari.

Sasa angalia tatizo liko wapi. Kwanza "ihakikishwe", na nani? Kiswahili chetu kina hii -wa ya kutendwa, ni tamu na ya heshima, lakini ofisini imekuwa pahali pa kuficha mtu, ifanywe, izingatiwe, itolewe, halafu siku jambo likiharibika kila mtu anasema mimi sikuambiwa. Pili, kitenzi kimegeuzwa jina. Badala ya "zingatia" tunaandika "uzingatiaji wa", badala ya "anza" tunaandika "kuanza kwa", na kila ukigeuza hivyo unalazimika kuweka vijineno vya kuunganisha, wa, za, wa, kwa, mpaka sentensi inakuwa mkufu na msomaji akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Dawa yake ni kurudisha kitenzi na kumrudisha mtu. Ukiona "kufanya ukaguzi wa" andika kagua. "Kutoa taarifa" inategemea, kama unataka apige simu andika piga simu, kama unataka aje ofisini andika njoo ofisini, maana taarifa inatolewa kwa njia mia.

Tangazo lile tuliliandika upya hivi: "Nahodha, kabla hujawasha mashine: Hesabu abiria. Kila mtu avae laifu jaketi na afunge kamba zake, watoto pia. Andika idadi kwenye daftari la gatini. Bahari ikiwa imechafuka usitoke, piga simu namba iliyo hapa chini." Nikarudi kwa babu yule yule. Safari hii hakunijibu kwa maneno, alianza kunionyesha kwa mikono anavyohesabu.

Kuna wanaoniambia kuandika hivi ni kukosa adabu, hasa barua kwa mkubwa. Nawaelewa sana, sisi watu wa pwani hatumwingilii mtu na haja kabla ya salamu, na mimi sitaki hilo life. Lakini salamu ni mstari mmoja. Asalaam aleikum, natumai u mzima, halafu neno lako mstari wa pili. Kinachochosha ni zile aya mbili za "tunapenda kuchukua fursa hii" na "kama ilivyotajwa hapo juu", hiyo si adabu. Mkubwa ana barua ishirini mezani, kumheshimu ni kumwambia mapema unaomba nini na unataka jibu lini.

Lugha nayo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo notisi ya Kiswahili ina uzito ule ule, usiifanye tafsiri ya mbio ya ile ya Kiingereza. Na huku kwetu tunasema ndia, wengine wanasema njia. Kwenye maandishi naweka njia kwa sababu kazini kuna Mpokomo, Mgiriama na mtu wa bara, ila nikifundisha kwa mdomo kijijini Matondoni naongea Kiamu changu, Kiswahili cha Lamu, na watu wanafunguka zaidi.

Mafunzo yana ugonjwa ule ule. Bosi anakuambia "nataka watu waelewe usalama", unatengeneza slaidi sitini, unafunga projekta, stima inapotea, mnakula biriani mnarudi nyumbani. Robert Mager, Mmarekani, aliandika mwaka 1962 kuwa lengo la somo litaje kitu ambacho mwanafunzi ataonekana akikifanya. Kuelewa hakuonekani. Kufunga kamba za laifu jaketi ya mtoto anayelia kunaonekana. Kwa hiyo slaidi niliziacha tukashuka gatini na jaketi zenyewe, na kila mtu alimvika mwenzake huku wengine wakiangalia na kusahihisha. Nilichojifunza siku ile ni kwamba baadhi ya jaketi hazikuwa na kamba kabisa. Slaidi isingenionyesha hilo.

Ratiba pia ni sehemu ya kupanga somo, na hapa ofisi za mbali zinakosea sana. Huwezi kumwita mtu wa boti darasani wakati maji yanajaa, maana hapo ndipo anafanya kazi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, njia nyingine chombo hakipiti maji yakitoka, na kila siku saa za kujaa zinasogea mbele karibu dakika hamsini, kwa hiyo ukisema "kila siku saa nne kwa wiki nzima" umeshawapoteza watu. Mimi naanza kwa kuuliza maji, halafu Ijumaa, halafu ndio natoa tarehe.

Na lazima urudi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885, akaonyesha mtu husahau kwa kasi zaidi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Siku moja ya semina haitoshi hata iwe nzuri vipi. Mimi hurudi baada ya siku mbili tatu, kisha baada ya wiki, dakika kumi tu, sifundishi kitu kipya, nasimama gatini namwambia nahodha nionyeshe. Mara ya mwisho niliporudi nilikuta mtu ameandika kwa kalamu nene namba ya simu juu ya ile niliyochapa mimi, kubwa mara tatu, kwa sababu yangu haisomeki ukiwa ndani ya chombo. Nimebadilisha zote.