Kopo la vidonge chini ya godoro

Chukua kopo la plastiki lenye vidonge 30, litie kwenye mkoba, kisha tembea nalo. Linalia. Kila hatua, chaka chaka. Katika vitongoji vya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mlio huo hauhitaji maelezo, maana ARV, dawa za wanaoishi na VVU, nazo hutolewa kwenye makopo ya namna hiyo. Binti wa miaka 18 anayelala chumba kimoja na bibi yake na wadogo zake wawili hana pa kulificha. Akiliweka chini ya godoro, siku ya kufua mashuka litaonekana. Likionekana, swali la kwanza atakaloulizwa ni ameupata UKIMWI lini. Kumbe vidonge vyenyewe ni vya kumkinga asiupate.

Naanza na kopo hilo kwa sababu sisi tunaojiita wataalamu wa afya ya jamii tulichelewa kulisikia. Mwaka 2009 ulianza utafiti mkubwa ulioitwa VOICE, ukihusisha wanawake 5,029 katika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Walipewa vidonge vya kumeza kila siku, au jeli ya kutia ukeni kila siku, ili ionekane kama VVU vitazuilika. Kila walipokwenda kliniki waliulizwa kama wanatumia, wakajibu ndiyo. Vidonge vilivyobaki vilihesabiwa, hesabu ikakubali. Mwisho wa yote kinga haikuonekana. Damu ilipopimwa, dawa ilikutwa katika chini ya theluthi moja ya sampuli, na waliotumia kwa uchache zaidi walikuwa wasichana wa chini ya miaka 25 ambao hawajaolewa, yaani walewale waliokusudiwa.

Wapo waliosema mabinti wametudanganya. Ni kweli, baadhi walikiri baadaye kwamba walivitupa vidonge kabla ya siku ya kliniki ili hesabu itimie. Lakini mtu anayesafiri hadi kliniki kila mwezi, anakaa foleni, anatolewa damu, si mtu asiyejali afya yake. Kinga hakuikataa. Alikataa kuonekana mgonjwa nyumbani kwao, au kuonekana malaya mbele ya mpenzi wake. Somo hilo lilitugharimu miaka, na karibu kila hatua ya maana iliyofuata kusini mwa Afrika imetokana nalo.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Kwa makadirio ya UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, ya mwaka 2023, kila wiki wasichana na wanawake wapatao 4,000 wa umri wa miaka 15 hadi 24 waliambukizwa VVU duniani, na 3,100 kati yao ni wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Vijana wa kiume wa umri uleule wanaambukizwa pia, lakini ni wachache kwa mbali. Basi swali linajileta lenyewe: kama si mvulana wa darasani kwake, ni nani?

Jibu lililo wazi zaidi lilitolewa Durban mwaka 2016, kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI, na watafiti wa CAPRISA, kituo cha utafiti wa UKIMWI cha Afrika Kusini. Hawakumhoji mtu analala na nani, maana hapo kila mmoja ana lake la kusema. Walivisoma virusi vyenyewe. Kirusi cha UKIMWI hubadilika kadiri kinavyopita mwilini mwa mtu hadi kwa mwingine, hivyo virusi vya watu wawili vikifanana sana, ujue watu hao wako kwenye mnyororo mmoja. Walichokiona ni duara. Wasichana wa chini ya miaka 25 walikuwa wameunganishwa na wanaume waliowazidi umri kwa wastani wa miaka 8.7. Wanaume hao, wengi wao wakiwa kati ya miaka 25 na 40, walikuwa wameunganishwa pia na wanawake wa rika lao wenyewe. Na binti aliyeambukizwa akiwa na miaka 19 anakua, anafika 30, anampata mwanaume wa rika lake, ambaye naye ana binti mdogo pembeni. Duara linazunguka.

Tanzania mwanaume huyu tulimpa jina. Waliosikiliza redio zetu mwishoni mwa miaka ya 2000 wanamkumbuka Fataki, mtu mzima anayewavizia wasichana wadogo kwa zawadi na maneno matamu, hadi jina lake likaingia kwenye mazungumzo ya mtaani. Wakenya wana sponsa wao. Afrika Kusini wamemwita blesser, yaani mgawa baraka. Yote ni majina mazuri ya kuchekesha, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Ukisema fataki, watu wanaona kitambi, gari na nywele za mvi. Sasa fanya hesabu ya ile 8.7. Binti ana miaka 19, mwanaume ana 27 au 28. Huyo hana kitambi. Huyo ndiye dereva wa daladala, fundi simu wa pale kona, mwalimu anayejitolea, kaka wa kwaya. Mzazi anayemwinda mzee wa Prado anaweza kumkaribisha huyu chai.

Hapa kuna jambo la kwetu Afrika Mashariki ambalo nashangaa halitajwi inavyostahili. Mwaka 2004, mchumi Pascaline Dupas alijaribu kitu rahisi katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya. Katika baadhi ya shule, mtu alitumwa kwenye darasa la nane kwa kipindi kimoja cha dakika 40. Akawaonyesha wanafunzi filamu fupi kuhusu wanaume wakubwa na wasichana wadogo, kisha akaandika ubaoni viwango vya maambukizi ya VVU katika mji wa Kisumu, wanaume kwa wanawake, rika kwa rika. Wanafunzi wakajionea wenyewe namba inavyopanda kutoka kwa mvulana wa miaka 17 hadi kwa mwanaume wa miaka 30. Basi. Hakuna aliyewakataza kuwa na mpenzi. Katika mwaka uliofuata, mimba miongoni mwa wasichana wa shule hizo zilipungua kwa asilimia 28 wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupata kipindi hicho. Mafunzo ya walimu yaliyojikita katika kuhimiza subira hadi ndoa hayakupunguza mimba.

Msichana wa miaka 15 anajua kupima hatari kama mtu mwingine yeyote, ila anahitaji kuambiwa iliko. Tukimwambia kwamba kila mwanaume ni hatari sawa, atachagua mwenye nauli.

Nimrudie yule wa miaka 28, kwa kuwa mahubiri yetu humruka. Huyu hospitali anaijua kwa ajali tu. Ana nguvu zake, kliniki inafunguliwa akiwa kazini na kufungwa akiwa kazini, na ile foleni ya kupima anaiona ni ya akina mama wajawazito. Lakini akipima, akakutwa na VVU na akameza ARV hadi virusi vikafubaa visionekane kwenye kipimo, hawezi kumwambukiza mtu kwa kujamiiana. Hili si la kubahatisha, limethibitishwa. Maana yake ni kwamba kidonge anachokimeza yeye asubuhi kinamlinda binti ambaye pengine hatamweleza kamwe. Asiye na VVU naye ana tohara ya kitabibu, ambayo majaribio ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalionyesha inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa kwa takribani asilimia 60. Eswatini, nchi ambayo karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne anaishi na VVU, ilivuka lengo la 95-95-95 mwaka 2020, miaka kumi kabla ya wakati uliopangwa: asilimia 95 ya wenye VVU wanajua hali zao, 95 ya hao wanatumia dawa, na 95 ya wanaotumia dawa virusi vyao vimefubazwa. Maambukizi mapya yakashuka. Nchi ndogo, yenye kiwango cha VVU kikubwa kuliko zote duniani, imefanya hivyo.

Shule nayo ni kinga, na simaanishi masomo ya stadi za maisha. Namaanisha kukaa shuleni kwenyewe. Botswana ilibadilisha mpangilio wa madarasa mwaka 1996, darasa la kumi likaingizwa kwenye sekondari ya awali, na vijana wengi wakajikuta wamesoma karibu mwaka mmoja zaidi ya kaka zao bila kukusudia. Watafiti walipowapima walipokuwa watu wazima, kila mwaka mmoja wa ziada wa sekondari ulikuwa umeshusha uwezekano wa kuwa na VVU kwa pointi 8.1 za asilimia, na kwa wanawake nafuu ilikuwa kubwa zaidi. Wilayani Zomba, Malawi, mabinti na familia zao walipewa dola chache kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja na nusu, waliokuwa wanafunzi na wakapewa fedha walikutwa na VVU kwa asilimia 1.2, na wenzao ambao hawakupewa kwa asilimia 3.0. Jaribio kama hilo lilipofanyika Mpumalanga, Afrika Kusini, fedha hazikuonyesha tofauti yoyote, lakini huko karibu mabinti wote walikuwa tayari shuleni, wapewe wasipewe. Fedha hufanya kazi pale umaskini unapomng'oa mtoto darasani. Pasipo na tatizo hilo, hazina la kutibu.

Mwili wa binti una mchango wake pia, nao usigeuzwe lawama. Shingo ya kizazi cha msichana mdogo haijakomaa, na tishu zake ni rahisi zaidi kwa virusi kupenya. Magonjwa mengine ya zinaa, hata yasiyo na dalili, huleta uvimbe unaofungua njia. Kichocho cha sehemu za siri, kinachopatikana kwa kuoga na kufua kwenye maji yenye konokono, kinahusishwa na hatari hiyo pia, na dawa yake ni nafuu. Na hili naliomba kwa akina mama na mashangazi wanaofunda: uke haufuliwi. Sabuni, shabu na majani ya kukaushia huua bakteria wazuri na kuacha michubuko.

Sasa kinga zenyewe. Dawa kinga ya vidonge, ambayo wengi wanaiita PrEP, inafanya kazi vizuri sana kwa anayeimeza kila siku. Mwenye uhakika na kopo lake asishawishike kuiacha. Ipo pete laini ya uke ambayo mwanamke huivaa mwenyewe na kuibadilisha kila mwezi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, ingawa majaribio yalionyesha kinga ya wastani tu, karibu asilimia 30. Kisha zikaja sindano. Cabotegravir huchomwa kila baada ya miezi miwili, na miongoni mwa wanawake 3,224 wa nchi saba za Afrika ilipunguza hatari kwa asilimia 89 ikilinganishwa na vidonge.

Na lenacapavir. Inachomwa chini ya ngozi ya tumbo, mara mbili tu kwa mwaka, na siku mbili za kwanza mtu humeza vidonge viwili kila siku. Hubakiza kinundu kidogo ambacho hunywea taratibu. Utafiti wake ulifanywa Afrika Kusini na Uganda kwa mabinti wa miaka 16 hadi 25, na aliyepata ujauzito katikati hakulazimishwa kutoka, jambo ambalo si la kawaida kwenye majaribio ya dawa. Matokeo yalitangazwa Juni 2024. Kati ya mabinti 2,134 waliochomwa sindano hiyo, walioambukizwa VVU walikuwa sifuri. Katika makundi mawili ya vidonge waliambukizwa 55, na sababu ni ileile ya kopo. Julai 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo rasmi la kuitumia, kwenye mkutano uliofanyika Kigali.

Sindano hizi hazizuii mimba wala kaswende, hivyo kondomu haijastaafu. Na aliyebakwa, au ambaye kondomu imempasukia leo, asisubiri sindano yoyote: dawa ya dharura ianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Kupima nako kuna sheria zake. Afrika Kusini mtoto wa miaka 12 anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa VVU. Tanzania, tangu marekebisho ya mwaka 2019, ni miaka 15. Mhudumu anayemwambia binti wa miaka 16 "kamlete mama yako" anakosea, na binti huyo hatarudi.

Lililobaki ni nani atachomwa kwanza. Januari 2025 fedha za Marekani zilisimamishwa ghafla, na miradi ya kuwakinga mabinti iliyotangazwa mwaka 2014 kwa kuanzia na nchi kumi, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ikakatika. PrEP iliyoendelea kulipiwa na fedha hizo iliachiwa wajawazito na wanaonyonyesha. Novemba 2025 shehena za kwanza za lenacapavir zilifika Eswatini na Zambia, na viwanda vya India vimeahidi kuiuza kwa takribani dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Lakini katika mgao wa Marekani kipaumbele bado ni walewale, wajawazito na wanaonyonyesha. Wanastahili, sina ubishi. Ila binti wa miaka 17 ambaye hajazaa, yule ambaye wenzake wa rika lake walitoa mikono na matumbo ili dawa hii ithibitishwe, kwa sasa njia yake fupi ya kuipata sindano ni kupata mimba kwanza.