Ujazo: kutoka mililita hadi mita ya ujazo

Fundi aliyemaliza kuchimba kisima cha maji ya mvua Newala atakukabidhi vipimo vyake: urefu mita 3, upana mita 2, kina mita 2. Mwenye nyumba anataka kujua kingine: kitaingia madumu mangapi? Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, una shida ya maji ya juu ya ardhi, kwa hiyo swali hilo si la darasani tu.

Ujazo ni nafasi iliyomo ndani ya chombo. Zidisha urefu kwa upana kwa kina: 3 × 2 × 2, unapata mita za ujazo 12.

Wengi hukosea kuanzia hapa. Kwa kuwa mita 1 ina sentimita 100, wanadhani mita 1 ya ujazo ina sentimita za ujazo 100. Sivyo kabisa. Fikiria sanduku lenye mita 1 kila upande, nawe unalijaza vipande vya sentimita 1 kila upande, mfano wa dadu ndogo. Mstari mmoja chini unachukua vipande 100. Sakafu nzima inachukua mistari 100 ya namna hiyo, yaani vipande 10,000. Kisha unapanga tabaka 100 mpaka juu: vipande 1,000,000. Umezidisha kwa 100 mara tatu kwa sababu kuna pande tatu: urefu, upana na kina.

Lita ni sanduku la sentimita 10 kila upande, kwa hiyo ina sentimita za ujazo 1,000. Kila sentimita ya ujazo ni mililita 1, na ndiyo hiyo hiyo cc iliyoandikwa kwenye bomba la sindano. Bodaboda ya cc 150 nayo ni hivyo: pistoni ikishuka ndani ya silinda inaacha nafasi ya mililita 150. Haihusiani na tangi la petroli.

Mita ya ujazo nayo inabeba lita 1,000. Kisima chetu basi ni lita 12,000, sawa na madumu 600 ya lita 20. Ukienda kwenye kipimo kidogo unazidisha, ukienda kwenye kikubwa unagawanya. Desilita (10 kwa lita) na sentilita (100 kwa lita) utazikuta zaidi kwenye daftari la mwanafunzi kuliko sokoni.

Tahadhari moja kwa wanaouza mafuta ya nazi: lita si kilo. Lita ya maji ina uzito wa karibu kilo 1, lakini ya mafuta ya nazi ni kama gramu 920. Anayelipia kilo akapimiwa lita amepunjwa.

Turudi kisimani. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 kamili, maana sentimita za mraba 10,000 mara sentimita 0.1 ni sentimita za ujazo 1,000. Paa linalofunika mita za mraba 60 za ardhi likipata mvua ya milimita 20 linakusanya lita 1,200. Kisima cha lita 12,000 kitahitaji mvua kumi za namna hiyo kujaa, na zaidi kidogo kama mifereji ya bati inavuja.