Mlimani, Dodoma au Tunguu: kulinganisha vyuo vikuu vya umma kabla ya kuomba

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, baraza ya ofisi yangu hapa Chake Chake hujaa vijana waliofuatana na wazee wao, na swali la kwanza huwa lile lile: chuo kipi ni bora? Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa skuli za sekondari kuhusu masomo ya juu, na swali hilo nimezoea kulijibu kwa swali jengine: bora kwa kusomea nini, na darasa lenyewe liko mji gani?

Nauliza mji kwa sababu chuo kikubwa cha umma ni jina moja lenye kampasi nyingi. Alinijia kijana wa Wete aliyekwisha kuamua kusomea udaktari wa binadamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mama yake alikuwa ameshapanga akae kwa mjomba wake Sinza, karibu na Mlimani, iliko kampasi kuu ya chuo hicho. Hawakujua kwamba chuo hicho hufundisha udaktari katika ndaki yake ya afya iliyoko Mbeya, safari ya siku nzima kwa basi kutoka kwa huyo mjomba. Chuo cha umma kinachofundisha udaktari jijini Dar es Salaam ni Muhimbili, ambacho kilianza kama skuli ya tiba mwaka 1963, kikawa chuo kishiriki cha Mlimani mwaka 1991 na kikajitegemea mwaka 2007, ingawa wazee wengi huku kwetu bado wanavihesabu viwili hivyo kuwa kitu kimoja. Anayetaka ualimu naye akumbuke kwamba Chang'ombe na Mkwawa ni vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kimoja kikiwa Dar es Salaam na kingine Iringa, na kila kimoja kina orodha yake ya programu.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, kimeenea vivyo hivyo. Makao makuu yako Tunguu, lakini masomo ya afya yako Mbweni, utalii uko Maruhubi, kilimo kiko Kizimbani, na sisi wa Pemba tunayo kampasi ya Benjamin Mkapa huko Wete. Mwanafunzi anayesema "naomba SUZA" bado hajasema atalala wapi.

Baada ya mji, njoo kwenye programu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonesha, kwa kila shahada yenye ithibati, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano, mwongozo huo unahusu vyuo vya Zanzibar na vya Bara pamoja, na kwa hivyo ndio mahali pa haki pa kuvilinganisha. Vijana wengi husoma safu ya sifa peke yake. Wanaona kwamba kiwango cha chini kwa waliomaliza Kidato cha Sita ni alama kuu mbili (yaani kufaulu masomo mawili kwa alama ya A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1, wanajikuta wana D mbili, na wanaona nafasi wameshaipata. Kiwango hicho kinakupa ruhusa ya kuomba tu. Kinachoamua ni safu ya nafasi ikisomwa pamoja na idadi ya wanaozigombea, kwani programu yenye nafasi 50 katika chuo chenye jina humwacha nje mtu ambaye angepokewa kwa furaha kwenye programu hiyo hiyo yenye nafasi 300 kwengine. Sharti jengine la kusoma kwa makini ni la masomo mahususi. Anayetoka na tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) asijidanganye na jumla ya pointi zake ikiwa programu inataka Hisabati ya Kidato cha Nne.

Kuhusu ukubwa, nina maoni yangu na sioni haya kuyasema. Chuo kikubwa hukupa vitu ambavyo chuo kidogo hakiwezi kuvijenga. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2018, inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kilipangwa tangu mwanzo kifikie wanafunzi 40,000, kwa hivyo aina za shahada utakazozikuta huko ni nyingi mno. Hata hivyo, katika masomo ya mwaka wa kwanza yanayochanganya idara kadhaa, ukumbi unaweza kuwa na mamia ya watu, na mwalimu wa somo humjui ila kwa sauti. Kijana aliyezoea kuulizwa jina na mwalimu wake hupotea hapo miezi ya mwanzo. Kwa mtu wa aina hiyo, na hasa kwa fani ambazo kazi zake ziko hapa visiwani, mimi humwelekeza SUZA bila kusita: mwanafunzi wa utalii aliyeko Maruhubi ana mahoteli ya Unguja ya kufanyia mafunzo kwa vitendo, na anayesomea Kiswahili ana wenyeji wa lugha kila upande. Uhandisi ni habari nyengine. Huko karakana ndiyo kila kitu, na hapo huwaambia waende Bara.

Gharama nazo hulinganishwa vibaya, kwa sababu watu hutazama ada tu, wakati kinachoumiza ni kuishi na kusafiri. Mwanafunzi wa Pemba anayesoma Dodoma hupanda boti hadi Unguja, boti nyengine hadi Dar es Salaam, kisha treni ya mwendokasi ambayo tangu mwaka 2024 imempunguzia sana adha ya barabara. Kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka, zidisha kwa miaka mitatu au minne, kisha uliza kama dahalia inapatikana baada ya mwaka wa kwanza, maana chumba cha kupanga mtaani hubadilisha hesabu yote. Mzanzibari ana bodi mbili za mikopo za kubisha hodi, ile ya Zanzibar na ile ya Muungano, na kila moja ina masharti, vipaumbele na tarehe zake, ambazo zisomwe kabla ya kuchagua programu.

Siku hizi maombi hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, na kila chuo hutoza ada yake ya maombi. Vyuo vitatu vilivyochaguliwa kwa makini vinatosha. Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, utatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha kimoja tu, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi, kwa hivyo vipange vyuo hivyo kwa mfuatano wewe na wazee wako kabla simu haijalia. Ofisini kwangu nawataka waje na mwongozo uliokwisha kupigiwa mistari, na jina la kampasi limeandikwa pembeni ya kila programu kwa kalamu.